Mvua haimsubiri mfalme asiyezeeka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Arusha aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba katuni za Kijapani za wafalme wasiokufa zinawaharibu watoto wetu, akatolea mfano ile ya Juuni Kokuki, yaani falme kumi na mbili. Kwa maelezo yake humo mna mapanga, mapepo na watu wasiozeeka, basi. Sijui kama aliangalia mwenyewe au alisimuliwa.

Mimi ni mama, nalima mpunga Chekereni huku Moshi. Hizo sehemu anazozilaumu nimeziangalia usiku sebuleni kwangu, kijana wangu wa kidato cha tatu akinitafsiria. Ni kazi ya siku nyingi kidogo, NHK ya Japani iliirusha kuanzia 2002 hadi 2003, sehemu 45. Za mwishomwisho zinahusu nchi ya En, mojawapo ya falme hizo, na mwenzangu ameruka jambo lenyewe linalowagombanisha watu wa En. Wanagombania tuta la mto.

Nchi hiyo iliachwa magofu na mfalme aliyetangulia. Akaja mfalme mpya, Shoryu. Kwa desturi ya huko, mfalme akishachaguliwa na kirin, mnyama mtakatifu anayeweza kuwa na umbo la mtu, hazeeki tena, na maofisa wake wakubwa nao hawazeeki. Miaka 20 inapita. Katika jimbo la Gen kuna mto Rokusui, msimu wa mvua ukifika watu wa bondeni hawalali, na matuta hayajajengwa. Jimbo haliwezi kujiamulia, kwa sababu mfalme amewavua watawala wa majimbo madaraka yao. Atsuyu, mtoto wa mtawala wa Gen, anaomba ruhusa na hapewi. Mwishowe anamteka Rokuta, kirin wa mfalme, kwa kudai madaraka.

Hapo kijana akaniambia, "Mama, huyu ndiye mbaya." Nikamwambia asimamishe kwanza. Mbaya kwa lipi? Kuomba tuta kabla ya mvua?

Aliyewahi kulala kando ya tuta lililochoka ananielewa. Maji hayaanzi kwa kupita juu. Yanaanza kuchuruzika chini, upande wa shambani, penye shimo la panya au mzizi uliooza. Unachuchumaa na tochi unaangalia rangi. Yakiwa meupe, una muda, unaita majirani mjaze viroba mchanga. Yakiwa na tope, ujue udongo unaliwa ndani kwa ndani na muda wa viroba umekwisha, ondoa watoto na mbuzi. Asubuhi unakuta miche imelala chini ya matope, na mbegu, mbolea na hela ya trekta vimekwenda navyo. Mafuriko ya Aprili 2024 hapa Moshi yalitukumbusha wengi.

Kipande cha tuta karibu na majaruba yangu tumekiombea matengenezo kwenye ofisi moja, nisiitaje. Tunaambiwa kitaingia bajeti ijayo. Aliyetuahidi anahamishwa, anakuja mwingine anauliza tuta lenyewe liko upande gani. Sasa hao ni binadamu wenye kustaafu. Je, ingekuwa ofisi ya watu wasiozeeka? Mtu mwenye miaka mia tano mbele yake, masika moja kwake ni nini? Hicho ndicho nilichokiona kwenye sehemu ile, na ndicho msomaji wa Arusha anachokiita upuuzi. Shoryu si mfalme mbaya, nchi yake inainuka kweli, mashamba yanarudi. Lakini anapanga mambo yake kwa saa ya mtu asiyekufa, na wanaokaa bondeni wana saa nyingine. Atsuyu naye, kumbukeni, ni miongoni mwa hao hao wasiozeeka. Wanaobishana hawana umri, watakaozama ndio wenye umri.

Halafu mambo yanageuka, na hapa nilikaa kimya. Mfalme anatuma watu wakajenge matuta, ila yanapokamilika ni upande unaotazamana na mji wa Atsuyu. Mkulima yeyote wa mabondeni anajua maana yake. Ukiinua tuta kwako, maji umemsukumia jirani wa ng'ambo. Kijana wangu alishangilia akili ya mfalme. Mimi sikushangilia, ule ni mchezo mchafu hata kama aliyeucheza ni mwenye haki. Lakini Atsuyu anafanya nini? Anatuma askari wake wakabomoe matuta. Mtu aliyeinua silaha kwa jina la tuta, anaagiza tuta libomolewe watu wakiwa nyuma yake! Pale pale wananchi wanamwacha, na mimi nikamwacha. Baadaye inajulikana kwamba Atsuyu alikuwa amemfungia hata baba yake mzazi. Basi, mwisho wake haukuniuma.

Kuhusu hayo mapepo, lipo moja kweli, limemlea mtoto aliyetupwa na watu wake. Na Rokuta mwenyewe alitelekezwa milimani na wazazi wake akiwa mdogo, huko alikozaliwa, Japani ya karne ya 15, vita na njaa vimetawala. Ndiyo maana anawachukia wafalme wakati kazi yake ni kumchagua mfalme. Mtoto wa kidato cha tatu akiyatafakari hayo sioni anaharibika wapi.

Tena nimeona ajabu kwamba hadithi hii imetoka Japani. Skimu yetu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilijengwa kwa mkopo na utaalamu wa Wajapani, ikakamilika 1987, hekta 1,100 za mpunga zikapangwa kunyweshwa na mito ya Rau na Njoro. Mpunga ulipolipa, watu wa juu ya skimu nao wakafungua mifereji yao, maji ya huku chini yakapungua, ugomvi wake mpaka leo mnausikia. Waliochora ile mifereji ya zege na waliochora Rokusui wanatoka nchi moja yenye majaruba. Nadhani ndiyo sababu kisa cha wafalme wasiokufa kimesimama juu ya tuta la mto na si juu ya dhahabu.

Ombi langu ni kwa vijana wanaotafsiri muvi kwenye vibanda umiza, Moshi na Arusha. Niliambiwa toleo lenu la sehemu hizi linakimbiza mazungumzo yote ya tuta ili lifike kwenye upanga, na pengine ndilo aliloliona msomaji wa Arusha. Mkitafsiri tena, yaacheni maneno ya Atsuyu yasikike yote, ya haki na ya uongo, mizaha yenu mtaiweka kwingine.

Na ile ofisi niliyokataa kuitaja, kama inasoma gazeti hili, kipande chenyewe ni kile cha baada ya daraja dogo, upande wa kushoto ukitokea barabarani. Masika inaanza Machi.

Mkulima wa mpunga,
Chekereni, Moshi