Ami, mrejeshe binti yako kwenye ala yake ya kanuni

Ami yangu,

Assalaam alaykum. Nimesikia umemwachisha mdogo wangu darasa la muziki mpaka amalize mtihani wa kidato cha nne. Nakuandikia hadharani kwa kuwa si wewe peke yako. Unguja na Pemba, mtihani ukikaribia, cha mwanzo kukatwa ni muziki na uchoraji.

Uliuliza muziki utampa nini. Kanuni, ala anayojifunza, ina nyuzi zaidi ya sabini, nyingi zimepangwa tatu tatu, na kabla ya wimbo wowote mtoto huzikaza moja moja mpaka zilingane. Kaa naye siku moja akizilinganisha, Ami. Mtoto mwenye subira na masikio ya namna hiyo unamhofia hesabu? Na hizo maqam, yaani mahadhi, anazojifunza, Rasti, Bayati, Hijazi, ndizo unazozisikia kwa wasomaji wa Qur'ani unaowapenda.

Taarab yetu yenyewe imetokana na kusomeshwa. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, naye aliporudi akawafundisha wenzake. Vijana wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1905, waliagiza ala kutoka huko huko. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alitoka kijiji cha Fumba, Unguja, akiuza vyungu kwa miguu. Alipopata wa kumfundisha, sauti yake ilifika Bombay, ikatiwa kwenye santuri 1928. Vipaji kama chake vimo mashambani hadi leo, havina mwalimu tu.

Najua linalokuuma zaidi ni maneno ya watu: mtoto wa kike na ala. Silidharau hilo. Lakini darasa ni la mchana, mwalimu wake ni mtu mzima unayemjua, na kabla ya Magharibi keshafika nyumbani.

Basi naomba Jumamosi tu, akishatoka chuo cha Qur'ani, mpaka mtihani upite. Nauli ya daladala juu yangu. Na kwa kuwa umo kwenye kamati ya skuli, wasemee na wengine: chumba kile kilichojaa madawati mabovu kisafishwe, wapewe watoto wachore na wapige ngoma. Wazee wanaojua ngoma za msewe na kirumbizi wangali hai Pemba. Waalikwe, walipwe nauli na posho kama anavyolipwa mgeni yeyote wa semina. Ukikubali, nitakuja mwenyewe kuyabeba hayo madawati.

Mwanao