Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Waliokuwa Nyuma ya Jim Reeves

Wanachama wapendwa, wazee wetu, na ninyi wageni mliosikia kuna chai na mandazi: karibuni.

Chama chetu cha wapenzi wa santuri za kantri kinafunga mwaka kikiwa hai na bila deni. Mweka hazina atawasomea hesabu zilizokaguliwa nikimaliza, kwa hiyo sitamtangulia. Ada haipandi. Kumbukumbu za mkutano uliopita mmekwisha kugawiwa. Muda wangu nataka kuutumia kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima, na ambalo limezua maneno hata nje ya vikao: uamuzi wa kamati kwamba katika vikao vyetu vya Jumapili asipigwe Jim Reeves, wala Kenny Rogers, wala Dolly Parton, wala Don Williams.

Wapo waliosusia. Mzee wetu mmoja alisimama akasema kikao cha kantri bila Jim Reeves ni harusi bila bwana harusi, akavaa kofia yake akaondoka. Namwelewa. Jim Reeves alifariki tarehe 31 Julai 1964, ndege yake ndogo ilipoanguka karibu na Nashville, mji wa kantri huko Marekani, Kenya huru ikiwa haijatimiza mwaka. Lakini watoto waliozaliwa humu miaka ishirini baadaye wanamjua kama wanavyomjua mjomba wao. Krismasi ni yake, matanga ni yake, na kipindi cha Sundowner kwenye redio ya taifa kilimpa kiti sebuleni kwetu. Kamati haikumfukuza. Hoja yetu ilikuwa kwamba mtu huyo hana haja ya chama. Ukipita vibanda vya santuri Kenyatta Market, au ukifungua kabati la babu, utaanza kukutana naye yeye. Tulichotaka ni kujua ni nani wamelala nyuma yake katika rundo lile.

Bahati ilitukuta mapema. Familia ya mwalimu mmoja marehemu, aliyesomea Marekani miaka ya 1960 na kuendelea kutumiwa santuri na marafiki zake wa huko hadi miaka ya 1980, ilituletea masanduku yake yote. Walikuwa wamemwita mnunuzi wa vitu vikuukuu, akataka kuchukua spika tu na kuziacha santuri. Tunaishukuru sana familia hiyo. Santuri nyingi zilikuwa za waimbaji ambao nusu yetu hatukuwahi hata kuwasikia, nami ninajihesabu katika nusu hiyo.

Tulianza na Connie Smith, kwa sababu jalada lake ndilo lilikuwa juu. Huyu ni mwanamke mfupi, mzaliwa wa Elkhart, Indiana, ambaye mwimbaji na mtunzi Bill Anderson alimsikia kwenye shindano la vipaji huko Ohio mwaka 1963 akamvuta Nashville. Mwaka uliofuata kampuni ya santuri ya RCA ilitoa santuri yake ya kwanza, «Once a Day», utunzi wa Anderson mwenyewe. Ilikaa namba moja kwenye chati ya kantri wiki 8. Hapakuwa na mwanamke yeyote wa kantri aliyewahi kufika namba moja kwa santuri yake ya kwanza kabisa, na zile wiki 8 hazikupitwa na mwanamke mwingine hadi 2012. Mwaka huo huo wa 2012 ndipo alipoingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri. Hesabuni wenyewe amesubiri miaka mingapi.

Wale waliolalamika kwamba tumemfungia Dolly Parton nje, nawakumbusha kwamba Dolly mwenyewe amewahi kusema waimbaji wa kike wa kweli duniani ni watatu, Barbra Streisand, Linda Ronstadt na Connie Smith, na wengine wote, yeye akiwemo, wanajifanya tu. Kwa hiyo tumemtii Dolly kuliko mnavyofikiri. Katika kikao kile tuliirudia «Once a Day» mpaka jirani akabisha hodi. Sikilizeni gitaa la stili la Weldon Myrick, lile linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Linaingia kabla ya sauti, likishaingia haliondoki, na mwimbaji hapigani nalo. Anaimba kwa kifua kizima, bila kulia-lia, habari ya mwanamke anayemlilia mpenzi wake mara moja tu kwa siku: kutwa kucha.

Kikao kilichojaza ukumbi kuliko vyote kilikuwa cha Gene Watson. Nadhani sababu ni kazi yake. Huyu bwana, mzaliwa wa Palestine, Texas, mwaka 1943, alikuwa fundi wa bodi za magari mjini Houston. Mchana ananyoosha milango iliyobonyea na kupiga rangi, usiku anaimba kwenye vilabu. Kijana wetu mmoja mwenye gereji Industrial Area alitaka kujua tu kama Watson alikuwa akivaa barakoa wakati wa kupiga rangi, maana mapafu yale hayakuharibika hata kidogo. Kampuni ya Capitol ilimchukua katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1979 akatoa kibao ambacho bendi yake ilikuja kuchukua jina lake, «Farewell Party». Ni wimbo wa mtu anayeimba habari za mazishi yake mwenyewe, akijua kwamba aliyempenda atafurahi akishaondoka. Mwishoni sauti inapanda mahali ambapo ungedhani pumzi imekwisha, nayo inazidi kupanda. Watu wetu wanajua matanga. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Jukwaa la Grand Ole Opry, lile la heshima kuliko yote ya kantri huko Nashville, lilimfanya Watson mwanachama mwaka 2020, akiwa na miaka 76.

Mnaona mtindo unaojirudia hapo, na ndipo penye hoja yangu kwenu leo. Tumezoea kudhani kwamba anayesahaulika alikuwa na upungufu wa sauti, kwamba muda huchuja wenyewe. Santuri tulizosikiliza mwaka huu zinakataa. Kinachochuja ni kampuni, ni redio, na mara nyingine ni picha iliyo kwenye jalada.

Chukueni Vern Gosdin wa Alabama, waliyemwita Sauti, jina ambalo katika mji wenye waimbaji kama Nashville halitolewi kwa huruma. Alianza na nduguye Rex huko California miaka ya 1960, mambo yakagoma, akarudi kusini akafungua biashara ya vioo Georgia. Alipojaribu tena kuanzia 1976 alihama lebo baada ya lebo, yaani kampuni za santuri, na baadhi zilifungwa yeye akiwa ndani. Lebo ikifungwa, santuri haichapwi tena, redio haina wa kuisukumia wimbo, na kanda asilia, zile za studio ambazo santuri huchapwa kutokana nazo, zinauzwa pamoja na viti na meza. Alipofika lebo ya Columbia ndipo akatoa «Chiseled in Stone», aliyotunga pamoja na Max D. Barnes, mtu aliyekuwa amempoteza mwanawe. Ilishinda tuzo ya Wimbo wa Mwaka 1989 ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani. Gosdin alifariki 2009. Mjane mmoja katika chama chetu aliomba tusiupige tena wimbo huo akiwepo, na kamati imekubali bila mjadala.

Na picha ya jalada? Mwaka 1966 RCA walipoanza kusambaza santuri za Charley Pride, mtoto wa wakulima weusi wa pamba wa Sledge, Mississippi, walizipeleka redioni bila picha yake. Waliogopa watangazaji wakiona sura hawatapiga. Pride alipenya akawa nyota mkubwa, na kwa sababu hiyo tulimpitia haraka. Tulikaa kwa Stoney Edwards.

Wangapi kati yetu walikuwa wamemsikia? Alizaliwa Oklahoma mwaka 1929 akiwa na damu ya watu weusi, Wahindi Wekundu na Waairishi, wala hakuwahi kujifunza kusoma. Mwaka 1968 alipata ajali ya gesi kazini, akaumwa muda mrefu, akaona amekuwa mzigo kwa mkewe na watoto. Usiku mmoja aliamua kuwaacha. Akiwa anatoka alikanyaga kitu cha kuchezea cha bintiye, kikalia, na hakuondoka. Kisa hicho ndicho kilichozaa wimbo wake wa kwanza kwa Capitol, «Two Dollar Toy», mwaka 1971. Mwaka 1972 alirekodi «She's My Rock». Wengi hapa mnaufahamu kwa sauti ya George Jones, aliyeurekodi upya miaka ya 1980 na kuufanya mali yake. Tulizipiga zote mbili zikifuatana. Waliobaki na Jones walikuwa wengi. Mimi nilibaki na Edwards, na bado nipo.

Linda Martell hatuna santuri yake, na kwa bei zinazotajwa siku hizi hatutakuwa nayo karibuni. Lakini habari yake lazima iingie katika taarifa hii. Agosti 1969 mwanamke huyu wa South Carolina alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye jukwaa la Grand Ole Opry. Wimbo wake «Color Him Father» ulifika namba 22 kwenye chati ya kantri. Albamu yake pekee, ya 1970, ilitoka kwa lebo iliyoitwa Plantation Records, jina ambalo kwa anayejua historia ya watu weusi wa kusini mwa Marekani halihitaji maelezo. Baada ya hapo milango ikafungwa, akarudi kwao, na baadaye akawa dereva wa basi la shule. Mwaka 2024 Beyoncé alimweka kwenye albamu yake, na ghafla kila mtu akawa anatafuta santuri ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya chupa tupu.

Mwanachama mmoja aliuliza, na swali lake linastahili jibu rasmi: kwa nini tuhangaike na santuri wakati simu ina kila kitu? Simu haina kila kitu. Ina kile ambacho mwenye haki aliona faida kukiweka. Juni 2008 moto kwenye ghala la kampuni ya Universal huko California uliteketeza kanda asilia za miongo mingi. Ukubwa wa hasara hiyo bado unabishaniwa, lakini kanda ikishaungua, santuri iliyochapwa zamani ndiyo shahidi aliyebaki. Na hata pale kanda zipo, upande B, yaani wa pili, wa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika mara nyingi haukupelekwa popote.

Nasi Wakenya tunao ushahidi wetu wa nguvu ya santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis kule Kericho wakiimba habari za kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu swala. Walikuwa wamemsikia Jimmie Rodgers, baba wa kantri, kutoka kwenye gramafoni. Rodgers alikuwa amekufa kwa kifua kikuu tangu 1933. Santuri zake zilikuwa bado zikitembea Bonde la Ufa, na wale mabinti hawakungoja mtu awaeleze ni nani. Mkimsikiliza Sir Elvis akiimba kantri Nairobi leo, jueni njia hiyo ilifyekwa zamani.

Sasa ya utunzaji, na hapa nitakuwa mkali. Santuri zilizorudishwa maktabani mwaka huu zikiwa na alama za vidole, na moja ikiwa na kitu kinachofanana na supu, haziwezi kuendelea. Santuri hushikwa ukingoni na kwenye lebo, ile karatasi ya katikati. Husimamishwa wima, hazirundikwi. Haziachwi kwenye buti ya gari mchana, hasa zile nyembamba za RCA za miaka ya 1970 ziitwazo Dynaflex, ambazo hujikunja hata kwa kutazamwa. Kuosha ni kwa maji yaliyotoneshwa na brashi laini, kufuata mzunguko wa mifereji. Wanaoongeza spiriti waongeze kidogo, na kamwe wasiitumie kwenye zile nzito za zamani za mizunguko 78, kwani spiriti huyeyusha shelaki iliyotengenezea santuri hizo. Sindano iliyochakaa huichonga santuri upya. Anayebisha aje nimwonyeshe nakala yetu ya pili ya Connie Smith, au kilichobaki.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza mambo yafuatayo, nanyi mtayapigia kura. Kwanza, santuri zote za mwalimu ziorodheshwe pamoja na namba zilizokwaruzwa karibu na lebo, maana hizo ndizo zinazotambulisha chapa ya kwanza na chapa za baadaye. Katibu ameanza na anahitaji vijana wawili wenye macho mazuri na subira. Pili, tununue mashine ya kuoshea santuri. Makadirio yako kwa mweka hazina. Tatu, marufuku ya wale wanne iendelee, isipokuwa Desemba, ambapo Jim Reeves ataruhusiwa kikao kimoja kizima. Mzee wetu wa kofia ameombwa kukiongoza, na amejibu kwamba atafikiria.

Kikao cha kwanza cha mwaka kitakuwa cha waimbaji Mel Street na Gary Stewart. Mwenye santuri yoyote ya Street aijulishe kamati mapema, kwa sababu tunayo moja tu na upande wa pili unaruka. Michango ya mashine ipokewe na mweka hazina, siyo nami, na kila mchangiaji adai risiti.