Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wazazi na Walimu wa Wanafunzi Wenye Ulemavu

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka niwasilishe kwenu taarifa ya shughuli za chama kila mwaka unapomalizika. Shughuli za kawaida mnazifahamu, nami sitawachosha nazo: kamati tendaji ilikutana mara nne, mafunzo kwa wazazi wapya yalifanyika mara mbili, ziara za shuleni ziliendelea kama zilivyopangwa, na wajumbe wetu walihudhuria vikao sita vya Kamati ya Ushauri wa Elimu Maalumu, au niseme baadhi yao walihudhuria. Tuna wanachama 212. Waliolipa ada hadi hesabu zinafungwa ni 87. Mkutano mkuu, ambao akidi yake ni 70, uliitishwa mara mbili na kupata watu 31 mara ya kwanza na 26 mara ya pili.

Nimezitanguliza takwimu hizo kwa sababu ndizo zilizozaa uamuzi uliozungumzwa sana mwaka huu, mara nyingi pembeni na mara chache mbele yangu. Kati ya viti vitano tulivyo navyo kwenye Kamati ya Ushauri, viwili vilibaki wazi baada ya wajumbe wake, wote wazazi, kukosa vikao vitatu mfululizo bila kutoa udhuru. Katiba inairuhusu kamati tendaji kujaza nafasi iliyo wazi hadi mkutano mkuu utakapokutana. Nilipendekeza, na kamati tendaji ikaridhia kwa kura sita dhidi ya mbili, kwamba viti hivyo vikaliwe na wanafunzi wenyewe: msichana kiziwi wa miaka 17 na mvulana mwenye uoni hafifu wa miaka 16, kwa ridhaa yao na ya walezi wao.

Barua ya malalamiko yenye saini 19 ilinifikia wiki mbili baadaye. Mweka hazina amenijulisha kwamba 11 kati ya waliotia saini hawajalipa ada, jambo ambalo silisemi kwa kejeli, bali kwa kuwa barua yenyewe inanituhumu kwa kutoheshimu katiba. Hata hivyo hoja zilizomo zinastahili majibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba mzazi anatosha kumsemea mtoto wake. Mimi pia ni mzazi, na kwa miaka mingi niliamini hivyo. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, unasema katika ibara ya 4 kwamba maamuzi yanayowahusu watu wenye ulemavu yafanywe kwa kushauriana nao na kuwashirikisha kikamilifu, na unawataja watoto waziwazi. Ibara ya 7 inaongeza kwamba mtoto mwenye ulemavu apewe msaada unaolingana na umri na ulemavu wake ili aweze kutoa maoni yake. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya elimu ya watu wenye ulemavu inataka wajumbe walio wengi katika jopo la ushauri la kila jimbo wawe watu wenye ulemavu au wazazi wa watoto wenye ulemavu. Neno hilo dogo, "au", ndilo lililonifumbua macho, kwa kuwa wingi huo unaweza kutimia kwa wazazi watupu. Kwetu sisi hali ilikuwa hiyo hiyo, na hakuna aliyeandika barua.

Hoja ya pili ni usiri. Waandishi wa barua wanahofu kwamba wanafunzi wataona mafaili ya wenzao. Kamati ya Ushauri haipitii faili la mwanafunzi mmoja mmoja. Kazi yake ni kushauri kuhusu mahitaji yasiyotimizwa, kanuni na mipango. Mjumbe aliyehudhuria walau kikao kimoja angelijua hilo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonipa shida, na sitaificha. Inasema kwamba wanafunzi hao wawili wamewekwa kama mapambo. Mtafiti Roger Hart, katika andiko lake la mwaka 1992 kuhusu ushiriki wa watoto, alichora ngazi yenye vipago vinane, na vipago vitatu vya chini havihesabiwi kuwa ushiriki kabisa: mtoto kutumiwa, kufanywa pambo, na kuwekwa kwa jina tu. Nikikipima kikao chao cha kwanza kwa ngazi hiyo, hatukupanda mbali. Nyaraka zenye kurasa 64 zilitumwa siku mbili kabla, kwa herufi ndogo, na kijana wetu alipata nakala ya maandishi makubwa akiwa tayari ameketi ukumbini. Mkalimani wa lugha ya alama alikuwa mmoja kwa kikao cha saa tatu. Alichoka, akaomba kupumzika, na mazungumzo yakaendelea bila yeye, kwa hiyo bila binti yetu. Sekretarieti ya Kamati ina lawama yake, ingawa ni kweli pia kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuuliza mapema.

Tangu kikao cha pili, kwa juhudi zangu binafsi na barua nne nilizoandika, nyaraka zinatumwa siku kumi kabla kwa muundo ambao kila mjumbe anaweza kuusoma, zikiwa na muhtasari wa lugha nyepesi, wakalimani ni wawili wanaopokezana, na vikao vimehamishiwa saa za baada ya masomo. Inashangaza kwamba wajumbe wengine wamekiri kuwa sasa nao wanazisoma nyaraka.

Matunda yake yalionekana katika kikao cha nne. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukijiuliza kwa nini wanafunzi waliopewa haki ya muda wa ziada katika mitihani hawaitumii, nasi tulikuwa tumeandaa pendekezo la kuwaelimisha wazazi. Kijana wetu alieleza, kwa sentensi zisizozidi tano, kwamba anayetaka muda huo huinuliwa mbele ya darasa zima na kupelekwa chumba kingine, na kwamba wengi huona heri kukosa maswali kuliko kuonyeshwa vidole. Hakuna mzazi yeyote kati yetu aliyekuwa analijua hilo, mimi nikiwemo, na mtoto wangu ni mmoja wa wanaokataa. Pendekezo letu lilifutwa, na lililopitishwa linataka mwanafunzi mwenyewe aulizwe faragha, kabla ya kipindi cha mitihani, angependa nafuu hiyo itolewe wapi na kwa namna gani.

Nakubali upungufu mmoja ambao barua haikuugusa. Wanafunzi wote wawili ni wasemaji wazuri, kila mmoja kwa lugha yake, na wanafaulu vizuri darasani. Wenye ulemavu wa akili, na wenye usonji wasiotumia maneno, bado wanasemewa na sisi. Viti viwili havitoshi, na mtu mmoja hawezi kubebeshwa uwakilishi wa kila aina ya ulemavu. Ni matumaini yangu kwamba, hali ya ada ikiruhusu, mwaka ujao tutaangalia uwezekano wa kuwa na baraza la wanafunzi litakalochagua wawakilishi wake lenyewe, badala ya mwenyekiti kuwateua, jambo ambalo nimelisikia likisemwa nami naona ni haki.

Uteuzi huu ni wa muda na unahitaji kuthibitishwa au kutenguliwa na mkutano mkuu. Wanaoupinga nawaomba waje, wakiwa na stakabadhi za ada, wasimame na kuzisema hoja zao. Wanafunzi wale wawili watakuwepo ukumbini pamoja na wakalimani. Nimewaalika mimi mwenyewe, na barua yenu wameshaisoma.

Mwenyekiti