Fomu zote zinaposema "gari zima"

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie semina za "utamaduni wa kazi" ambazo baadhi ya kampuni za utalii hapa Arusha huwapeleka wafanyakazi wao kabla ya msimu wa Juni. Wafanyakazi hukalishwa ukumbini kutwa nzima na kugawiwa fulana zilizoandikwa Uadilifu, Uwazi na Umoja. Mkurugenzi hufungua mafunzo kwa hotuba fupi, akapigiwa makofi, kisha huyo akaondoka. Kwa maoni yangu, aliyepaswa kubaki ndiye huyo anayeondoka.

Nilikuwa dereva mwongoza watalii kwa miaka 19, mingi kati ya hiyo katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Meneja wetu wa kwanza alikuwa na kawaida ya kushuka karakana kila gari liliporudi kutoka Serengeti, hata kabla halijaoshwa. Hakuanza na hesabu ya mafuta. Aliuliza, "Gari linasemaje?" nawe ukamweleza kwamba shokapu inavuja au mlango wa nyuma haufungi, na fundi akaandika papo hapo. Siku moja nilikiri kwamba ni mwendo wangu mwenyewe, katika ile changarawe ya kuelekea lango la Naabi, uliovunja springi ya nyuma. Alinifokea, tena si kidogo, kisha akaagiza magari yote yaliyopita njia ile wiki hiyo yakaguliwe. Mawili yalikutwa na springi zilizoanza kupasuka.

Aliyemfuata alikuwa msomi na mpole wa sauti. Haki yake nimpe. Aliamua kwamba chochote kitakachovunjika, dereva atakatwa mshahara, na jina lake na kiasi anachodaiwa vitaandikwa ubaoni. Haukupita mwezi, fomu za hali ya gari zikawa zinarudi zote zimeandikwa "gari zima". Tulikuwa tumejifunza kupeleka springi kwa mafundi wa pembeni huko Unga Limited, usiku, kwa fedha zetu, zikaungwa kwa moto wa kuchomelea, na alfajiri gari likapakia wageni. Msimamizi wa karakana alijua yote hayo akanyamaza, kwa kuwa naye alikwisha kuandikwa ubaoni. Mojawapo ya springi hizo ilikatika jioni, mbali na kambi, na wageni sita, mmoja wao bibi mwenye umri mkubwa, wakakaa garini hadi saa nne usiku wakisubiri gari jingine. Kesho yake meneja aliitisha kikao akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, kwa nini hakuna aliyemweleza. Tulitazama sakafu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, hairuhusu makato ya hasara kufanywa kiholela: lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apewe nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Hata hivyo, hata kama meneja yule angeifuata sheria hiyo neno kwa neno, bado tungemficha, maana tulikwisha kuona kinachompata msema kweli. (Wazee wenzangu watakumbuka kwamba Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi dharau na uonevu. Siku hizi nani anaukumbuka?)

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi, kabla ya kuagiza fulana za mwaka huu, wachukue fomu za magari za miezi mitatu iliyopita na kuhesabu ni ngapi zilizoripoti ubovu wowote. Kwa barabara tunazopita, mkurugenzi asipoikuta hata moja, basi amwite kwanza meneja wake na wakae wawili tu, na ukumbi wa semina usubiri.

Dereva mstaafu,
Sakina, Arusha