Risala ya Kikundi Chetu cha Kuvusha Watoto Thika Road

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu, chifu, wazee wa mtaa, wazazi wenzetu na nyinyi watoto mmekaa hapo mbele kwa jua, hamjambo nyote.

Kwanza karibu Githurai. Umechelewa kidogo na hatukulaumu, hiyo raundabauti yetu hapo chini inajulikana, ukishashuka tu kutoka supahaiwei unapatana na matatu, mikokoteni, mama mboga na boda na kila mtu anataka kupita mahali pamoja.

Sisi ni wazazi na vijana wa boda, tulianza tukiwa saba. Kazi yetu ni kuvusha watoto asubuhi na jioni, tunapanda nao futibriji mpaka wafike upande wa pili. Na tuseme ukweli mheshimiwa, wengine wetu ndio tulikuwa tunapanda hilo daraja na pikipiki zamani, tuliacha.

Thika Road hatuichukii. Wenye umri hapa wanakumbuka kabla ijengwe upya, mtu wa Ruiru akitaka kufika tao mapema anatoka kama bado giza na bado anakwama kwa jamu. Ujenzi ulianza 2009, na Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki akaifungua, karibu kilomita 50 mpaka Thika, imekula zaidi ya bilioni 30, kampuni za China ndio zilijenga na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaweka pesa yake. Baada ya hapo ploti zikapanda, mashamba ya kahawa yakageuka magorofa, saa hii unaishi Juja unafanya kazi Nairobi na hushangazi mtu. 2018 barabara ikapakwa hata mistari myekundu ya basi za BRT, zile za mwendo kasi zenye njia yao, basi zenyewe hatukuziona, rangi ndio tuliona ikififia.

Shida ni kwamba barabara ilipita katikati ya maisha yetu, nyumba upande huu, shule na soko upande ule. Watu wakituona tunakimbia katikati ya magari wanasema ni ukaidi, lakini hebu fikiria mama ametoka sokoni na gunia la viazi mgongoni, makanga amemshusha mahali gari imesimama na si pale penye daraja, sasa atembee arudi nyuma, apande ngazi zote hizo, ashuke, halafu atembee tena, na saa mbili usiku huko juu ni giza na simu zinanyakuliwa. Huyo mama anapiga hesabu haraka, na hapo ndipo watu wanaumia. Fensi ya katikati ikishonwa leo, kesho utapata shimo pale pale, na mtoto akiona mtu mzima amepita kwa shimo naye anafuata.

Kwa hivyo ombi letu si kubwa. Daraja jipya tunajua ni hesabu ya wakubwa, hatukuulizi leo. Tunaomba taa za futibriji ziwake na zikiungua zibadilishwe, tunaomba utusemee kwa wenye matatu wawe wanashusha watu karibu na ngazi, na tunaomba jaketi za kung'aa, maana tulizo nazo tunaazimana na zingine hata haziakisi chochote tena, ni kama tisheti tu. Za watoto ziwe ndogo tafadhali, mwaka jana tulipewa za watu wazima, zikawa zinaburuta.

La mwisho, mheshimiwa, programu ikiisha usiingie kwa gari mara moja. Twende sote tupande hilo daraja, itakuwa kama saa kumi na mbili na nusu, giza ndio linaingia, utajihesabia taa zinazowaka. Dereva wako aende ageuze gari atukute upande ule. Tunaona sisi ndio tutafika kwanza.

Naomba kuwasilisha.