Betri ya zamani ipimwe kabla ya kuuzwa mpya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi umeme wa magari tunalijua vizuri lakini hatulisemi hadharani. Gari likigoma kuwaka asubuhi, mwenye gari huambiwa papo hapo kwamba betri imekufa, naye hutoa fedha za betri mpya kabla mtu yeyote hajashika mita ya kupimia umeme.

Mteja mmoja aliniletea gari lililokuwa limefungwa betri mpya wiki chache tu nyuma, na tayari lilikuwa halina nguvu ya kupiga stata. Betri ilisoma volti 11.9. Tulipolibusti kwa umeme wa betri nyingine likawaka, kisha tukatoa nyaya za kubustia, mita ilibaki chini ya volti 12.5 na ikaendelea kushuka taratibu, wakati altaneta nzima, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiunguruma, ilipaswa kuipandisha hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Nilipoifungua altaneta nilikuta makaa yake yamelika hadi yameshindwa kuigusa sawasawa rota, ile sehemu yake inayozunguka. Betri ya kwanza, ambayo mteja aliiacha dukani, huenda haikuwa na kosa lolote, na makaa hayo yangemgharimu sehemu ndogo tu ya bei ya betri aliyouziwa.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila gari kuwashwa, husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.0 au pungufu, iko karibu tupu na lazima ichajiwe kwanza ndipo ihukumiwe. Mmoja apige stata huku mwenzake akisoma mita iliyoshikwa kwenye betri: betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, hapo kweli imechoka. Isiposhuka hivyo na stata bado inazunguka kwa uzito, ncha moja ya mita iwekwe juu ya nguzo ya risasi ya betri na nyingine juu ya kishikizo cha waya kilichofungwa hapo hapo, kisha stata ipigwe tena. Mita ikionyesha tofauti ya nusu volti au zaidi, umeme unapotelea kwenye ule unga mweupe au wa kijani ulioota katikati yao, na dawa yake ni kufungua, kusugua hadi risasi ing'ae na kukaza upya. Vivyo hivyo waya hasi unaoshika kwenye bodi na injini, ambao hauangaliwi na mtu kwa sababu umejificha chini.

Masikio pia yana kazi. Mlio wa haraka wa "ta-ta-ta" huku taa za dashibodi zikififia huashiria betri dhaifu au mshiko mbaya wa waya, ilhali mlio mmoja mzito huku taa zikibaki na mwanga wake mara nyingi huelekeza kwenye stata yenyewe. Betri ikilala imejaa na kuamka tupu, zitafutwe ving'ora, redio na vifaa vya kufuatilia gari vilivyoongezwa baadaye na kuunganishwa ovyo, kwa kuwa magari mengi hayapaswi kula zaidi ya miliampia 50 hivi yakiwa yamezimwa na kufungwa.

Lakini kinachonisukuma hasa kuandika ni desturi ya kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili "kujaribu altaneta". Desturi hiyo ilitoka kwenye magari ya zamani yasiyokuwa na kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu mno kwa kitambo kifupi na kuunguza kompyuta ya gari au kidhibiti cha altaneta, na cheche ya waya ule ikikutana na gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri inayochajiwa, betri inaweza kulipuka usoni mwa fundi. Nimeshuhudia vijana hodari wakifanya hivyo kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na wakubwa zao gereji, na siwalaumu wao kwanza. Mita ya bei ya chini kabisa inatoa jibu lile lile bila hatari yoyote.

Ninawaomba wauzaji wa betri wapime mbele ya mteja, injini ikiwa imezimwa na kisha ikiwa inaunguruma, na waandike namba hizo mbili kwenye risiti. Mteja naye asiache kuzidai. VETA na vyuo vingine vya ufundi viwafikie vijana walioko gereji za mitaani kwa mafunzo mafupi ya jioni ya kutumia mita, kwa kuwa wengi wao hawawezi kuacha kazi mchana wakaingia darasani.

Fundi umeme wa magari,
Dar es Salaam