Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Wazee washauri, wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo nitazipitia haraka. Ndege ya chama chetu, ndege ndogo aina ya CH 701 tuliyoiunga kwa mikono yetu wenyewe ribiti kwa ribiti, imeruka saa 38 mwaka huu na kufikisha jumla ya saa 611. Oili na plagi zimebadilishwa kwa wakati, tairi la mbele ni jipya, na taa za ncha za mabawa sasa ni za LED. Ukaguzi wa mwaka umefanyika na nyaraka zetu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ziko sawa. Paa la hanga, yaani banda la ndege, limezibwa.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo limesemwa sana mwaka huu, mbele yangu na nyuma yangu: fedha za skrini.

Ni kweli tulichanga shilingi 5,500,000 ili tununue skrini ya kidijitali ichukue nafasi ya geji za mwendo, mwinuko na joto la injini. Ni kweli pia kwamba Kamati, chini ya uongozi wangu, ilitumia 4,870,000 kati ya hizo kubadilisha mipira yote ya injini (mabomba na shingo za mpira), diafragamu na maboya ya kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, pamoja na pampu ya mafuta. Zilizobaki, 630,000, ziko benki. Risiti zote anazo Mweka Hazina, na nakala nilizibandika ukutani pale hanga tangu Agosti. Aliyeandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mwenyekiti "amekula skrini" hajafika hata siku moja kuzisoma.

Injini yetu ni Rotax 912 ULS. Mtengenezaji anairuhusu ifanye kazi saa 2,000 au miaka 15, kutegemea kipi kinatangulia, kabla ya kufumuliwa yote. Ndiyo maana wengi wetu wakisikia saa 611 wanaona injini bado mbichi. Lakini mtengenezaji huyohuyo anataka mipira ibadilishwe kila baada ya miaka 5, ndege iwe imeruka au imelala. Mpira unazeeka kwa joto, kwa mafuta na kwa umri wake tu. Ya kwetu ilifungwa mwaka 2019. Niliomba fedha za kazi hii kwenye mkutano uliopita, kumbukumbu zipo kwa Katibu, na hazikuchangwa. Za skrini zilichangwa ndani ya mwezi mmoja.

Mwezi Julai tulipovua kava la injini, nilimwita fundi wetu tukaukagua mpira wa mafuta pale unapopita kwenye bati linalotenga injini na chumba cha rubani. Ulipokunjwa kidogo tu ukafunguka nyufa, na ndani ya chujio tukakuta chembe nyeusi za mpira. Shingo ya mpira inayoishikilia kabureta ya kushoto ilikuwa imeanza kuchanika upande wa chini, mahali ambapo huoni mpaka uingize kioo. Maboya tuliyapeleka mjini kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu akatupimia kwenye mizani yake. Jozi haitakiwi kuzidi gramu 7. Ya kulia ilikuwa gramu 8.2. Boya likishakunywa mafuta linazama, kabureta inajaa kupita kiasi, injini inaanza kukohoa, na mafuta yanaweza kumwagikia vyuma vyenye moto.

Ndugu wanachama, hiyo ndiyo ndege tuliyotaka kuifunga skrini.

Safari zetu nyingi ni za juu ya maji, kwenda Ukerewe au kukatisha Ghuba ya Speke. Injini ni moja. Ndege ya magurudumu kama yetu ikilazimika kutua ziwani, magurudumu yananasa maji na mara nyingi inapinduka. Tena hapa Mwanza tuko zaidi ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, na injini ya aina hii hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwa hiyo zile nguvu za farasi 100 mnazojivunia, sisi tunaanza kuruka tukiwa na kama 89. Hakuna nafasi ya kabureta inayovuta hewa ya wizi kupitia shingo iliyochanika.

Wapo wanaodai nilivunja katiba. Katiba yetu inairuhusu Kamati kutumia fedha zilizopo pale usalama wa ndege unapoguswa, kisha itoe taarifa, na taarifa ndiyo hii. Hata hivyo niliitisha mkutano wa dharura. Akidi ni watu 17, tulifika 9. Nikaitisha wa pili, tukafika 7. Vipuri nilivifuata Dar es Salaam mwenyewe, kwa basi, kwa nauli yangu, na sijadai hata shilingi. Ningerudishwa kwenye hali ileile, ningeamua vilevile.

Uchungu wangu uko kwenye mahudhurio hayo ya mikutano. Kwa miaka mingi wenzetu wa Sengerema na Geita walipokosa kufika walitupa sababu ya kivuko, na tuliielewa, maana foleni ya Busisi kila mtu anaijua. Daraja la Kigongo–Busisi limezinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Tangu siku hiyo mahudhurio kutoka ng'ambo hayajaongezeka hata kwa mtu mmoja. Na walio mjini hapahapa, Nyakato na Kirumba, wana sababu gani?

Zamu za usafi nazo zimelegea. Msimu wadudu wa ziwani wanapoinuka kama moshi, bomba la kupimia mwendo lisipovikwa kifuniko linaziba. Mwezi Machi nililikuta nyigu amelijaza udongo, na kifuniko kiko juu ya meza. Rubani angeruka bila kujua mwendo wake.

Kuhusu ada: tuko wanachama 34, kila mmoja 240,000 kwa mwaka, matarajio 8,160,000. Waliolipa zote ni 13, waliolipa nusu ni 9, ambao hawajalipa chochote ni 12. Makusanyo 4,200,000, deni 3,960,000. Deni hilo likilipwa, ukijumlisha na zilizobaki benki, safari ya skrini inakuwa fupi sana. Majina sitayasoma leo kwa heshima, ila Katibu anayo orodha.

Kwa mwaka ujao, skrini bado imo kwenye mipango. Tunatarajia pia kukagua kutu kwenye maungio ya mabawa, kupaka rangi upya mkiani, na kuangalia uwezekano wa kuwakaribisha vijana wa vyuo vya ufundi wajifunze kwetu, Mungu akitujalia na fedha zikipatikana. Ada za nyuma naomba zilipwe kabla ya mwisho wa Machi.

Nawashukuru wajumbe wa Kamati waliosimama nami, na fundi wetu aliyefanya kazi usiku bila kudai ziada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Mwanza